Hoteli Huongozwa na Anayejua Gharama ya Sahani

Kolekole wa kilo 10 amenunuliwa sokoni kwa shilingi 12,000 kwa kilo. Mgahawa wa hoteli huweka gramu 180 za mnofu kwenye kila sahani, na wali, mboga na mchuzi wa kusindikizia vinagharimu shilingi 1,200. Uongozi unataka gharama ya chakula isizidi asilimia 30 ya bei. Sahani iuzwe shilingi ngapi?

Mwanafunzi wa usimamizi wa hoteli anayekutana na swali hili kwa mara ya kwanza huzidisha 12,000 kwa 0.18, akapata 2,160, akajumlisha 1,200, akagawa 3,360 kwa 0.30, akaandika 11,200. Hesabu imenyooka, jibu limekosea. Samaki hafiki mezani mzima. Akishatolewa magamba, matumbo, kichwa, mifupa na ngozi, kolekole huyo anaweza kubakiza minofu ya kilo 4.5 tu, na ile 120,000 yote ndiyo iliyonunua kilo hizo 4.5. Kwa hiyo kilo moja ya mnofu imegharimu shilingi 26,667, gramu 180 ni 4,800, ukiongeza 1,200 unapata 6,000, na bei inakuwa 20,000 kabla ya kodi. Kwa kiwango cha kawaida cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) cha asilimia 18 Tanzania Bara, mgeni ataona 23,600 kwenye menyu. Aliyeuza kwa 11,200 anateketeza karibu shilingi 54 za chakula katika kila shilingi 100 anazouza, na bado hajalipa mpishi, gesi, umeme wala pango. Sahani hiyo ikipendwa na wageni, hasara inakua kwa kasi ya umaarufu wake. (Kichwa na mifupa vikipikwa supu ikauzwa, thamani yake hupunguzwa kwenye ile 120,000. Lakini ipimwe na iandikwe, isikisiwe.)

Naanza na samaki kwa sababu hapo ndipo ninapoona mpaka kati ya mhitimu atakayepanda ngazi na yule atakayebaki na trei mkononi miaka kumi. Mpaka huo hauko kwenye tabasamu, wala kwenye Kiingereza kilichonyooka, ingawa vyote viwili vina kazi yake. Uko kwenye hesabu. Na hesabu ndiyo ambayo kozi nyingi huziweka mwisho, katika muhula ambao mawazo ya wanafunzi yameshahamia kwenye mahafali.

Njia za kuingia kwenye fani zinajulikana. Tanzania, aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuanza na ufundi stadi wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au akaingia mfumo wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kwa astashahada ya ngazi ya 4 na ya 5, kisha stashahada ya ngazi ya 6. Shahada huja baadaye. Wapo wanaosomea Chuo cha Taifa cha Utalii, wapo wa chuo cha hoteli na utalii cha VETA pale Njiro, Arusha, na Zanzibar wapo wa taasisi ya utalii ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) pale Maruhubi. Kenya ina Kenya Utalii College, iliyoanzishwa 1975 kwa ushirikiano wa serikali ya nchi hiyo na ya Uswisi, nchi ambayo shule yake ya hoteli ya Lausanne ilifunguliwa tangu 1893. Walichokuja nacho Waswisi kilikuwa zaidi ya mtaala. Ndani ya eneo la chuo, kando ya barabara ya Thika, ipo hoteli yenyewe, yenye wageni wanaolipa. Mwanafunzi anayemwagia mchuzi mgeni aliyelipa fedha yake anajifunza jambo ambalo kumhudumia mwanafunzi mwenzake aliyejifanya mgeni hakulifundishi.

Kwa hiyo mzazi au kijana anayechagua chuo asiishie kuangalia jina la cheti na rangi ya sare. Aombe kuona jiko la mafunzo siku ya vitendo. Kama wanafunzi 20 wamezunguka jiko moja, watatu ndio wanaoshika kisu na 17 wanaandika. Aulize viungo vya mazoezi vinanunuliwa na nani na kila wiki mara ngapi, kwa sababu upishi ni somo ghali, na chuo kinachobana matumizi hukata kwanza nyama, samaki na siagi, kisha kikabaki kufundisha upishi kwa ubao. Aulize kama kompyuta za mapokezi zina programu halisi ya kusimamia hoteli, ile ya kumpokea mgeni, kumpangia chumba, kumwekea bili na kuifunga anapoondoka, au kama mwanafunzi ataiona mara ya kwanza siku ya ajira. Aulize pia kama wanafunzi huhesabu stoo ya chuo kila mwisho wa mwezi. Swali hili la mwisho huwashangaza wakuu wengi wa vyuo, na ndilo ningelipa uzito kuliko yote.

Kuhesabu stoo kuna kanuni fupi. Thamani ya stoo ya mwanzo wa mwezi, jumlisha manunuzi, toa stoo ya mwisho. Hicho ndicho kilichotumika. Kigawe kwa mauzo ya chakula. Tuseme jiko lilianza na bidhaa za shilingi milioni 3.2, likanunua za milioni 9.5, likamaliza na za milioni 2.9. Limetumia milioni 9.8. Mauzo yakiwa milioni 28, gharama ni asilimia 35, na meneja atamwita mpishi mkuu amuulize kulikoni. Lakini kama wafanyakazi walikula chakula cha milioni 1.4 kutoka stoo hiyohiyo, chakula cha wageni kimegharimu milioni 8.4, yaani asilimia 30 kamili. Wapishi wengi wameonywa kwa wizi ambao haukuwapo, kwa sababu tu hakuna aliyeandika chakula cha wafanyakazi. Na hoteli nyingi zimeibiwa kweli bila kujua, kwa sababu stoo ya mwisho haikuhesabiwa, ilinakiliwa kutoka kwenye daftari la mtunza stoo.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo hotelini, ndiyo sehemu inayoharibika zaidi. Mwanafunzi anafika hotelini na barua ya chuo, hoteli ina upungufu wa watu, anapelekwa kukunja vitambaa vya meza au kumenya viazi, na huko anabaki mpaka barua ya kumaliza inapopigwa muhuri. Hoteli imepata mkono wa bure na chuo kimepata ripoti. Mwanafunzi hakupata kitu. Dawa yake ni ratiba ya mzunguko iliyoandikwa na kutiwa saini na pande zote kabla ya siku ya kwanza. Katika wiki 12, zikigawanywa wiki tatu vyumbani, tatu jikoni, mbili mgahawani, mbili mapokezi, basi wiki mbili za mwisho ziwe mlangoni pa kupokelea bidhaa na ofisi ya kudhibiti gharama. Mwanafunzi asipoombewa hizo wiki mbili, aziombe mwenyewe, kwa adabu, kwa maandishi.

Pale mlango wa nyuma ndipo faida ya hoteli inapovujia. Anayepokea bidhaa hulinganisha vitu vitatu: alichoagiza mpishi, kilichoandikwa kwenye ankara, na kilichomo ndani ya kreti. Samaki hupimwa baada ya kumwaga barafu. Nyanya hupimwa nje ya tenga. Kuku wa baridi huchomwa kipimajoto, na akizidi nyuzi 5 anarudishwa, na wa kugandishwa awe nyuzi 18 chini ya sifuri. Bidhaa mpya hupangwa nyuma ya zilizotangulia ili za zamani zitoke kwanza. Hapo hapo mwanafunzi ataelewa kwa nini chakula kilichopikwa kikabaki hakiwekwi kwenye friji na sufuria lake kubwa: katikati hubaki vuguvugu usiku kucha, na vijidudu huzaliana kati ya nyuzi 5 na 60. Kinagawanywa kwenye trei za kina kifupi, kishuke mpaka nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha mpaka 5 ndani ya saa 4 nyingine.

Idara ya vyumba hudharauliwa na wanafunzi, hasa wavulana, kwa madai kwamba ni kazi ya kufagia. Ndiyo idara inayoajiri watu wengi zaidi katika hoteli nyingi, ndiyo inayotengeneza bidhaa yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo shule nzuri ya kupanga watu na muda. Tuchukue hoteli ya vyumba 80, leo vyumba 52 vimelala wageni. Msimamizi asiye na uzoefu hutumia kanuni ya vyumba 14 kwa mhudumu, anagawa, anapata 3.7, anaita wahudumu wanne. Mchana saa nane wageni wapya wamejaa mapokezi na vyumba haviko tayari. Kosa liko wapi? Kati ya vyumba 52, vyumba 26 wageni wanaondoka na 26 wanaendelea kukaa. Chumba cha anayeondoka huchukua kama dakika 45, kwa kuwa kila shuka linatoka na kila droo inafunguliwa. Cha anayeendelea huchukua kama 25. Jumla ni dakika 1,820. Zamu ya saa 8, ukitoa chakula, mkutano wa asubuhi na kupakia toroli, inabakiza saa 7 za kazi, yaani dakika 420. Ukigawa unapata 4.3. Wanahitajika watu watano. Wale wanne hawakuwa wavivu, walipangiwa kazi isiyowezekana, na mara nyingi ndio wanaokatwa mshahara kwa malalamiko ya wageni.

Mashuka nayo yana hesabu yake. Kitanda kimoja kinahitaji seti nne: moja kitandani, moja kwa dobi, moja rafuni, moja ya akiba. Vitanda 100 vyenye shuka mbili mbili vinadai shuka 800. Mwenye hoteli anayenunua 500 ili kuokoa fedha anamlazimisha dobi kuosha na kurudisha siku hiyohiyo, shuka hazipumziki, zinachakaa haraka, na mvua za masika zikinyesha siku tatu mfululizo bila mashine ya kukaushia, vyumba vinakosa kuuzwa.

Sasa twende mapokezi, kwenye swali ambalo wamiliki wengi wa hoteli wenyewe hulikosea: hoteli iliyojaa ndiyo yenye faida? Hoteli yetu ya vyumba 80 Jumanne iliuza vyumba 52 kwa wastani wa dola 120, ikapata dola 6,240. Jumatano ilishusha bei mpaka dola 90, ikauza 64, ikapata 5,760. Ujazo umepanda kutoka asilimia 65 mpaka 80, na meneja asiyejua anapongezwa. Lakini mapato kwa kila chumba kilichopo, kiwe kimeuzwa au la, yameshuka kutoka dola 78 mpaka 72. Na vyumba 12 vya ziada vimekula sabuni, maji, umeme, udobi na chai ya asubuhi. Tukikadiria dola 15 kwa chumba, ni dola 180 nyingine. Tofauti halisi ni dola 660 kwa usiku mmoja. Hii haina maana kwamba kushusha bei ni kosa siku zote, maana Mei yenye mvua si Agosti. Maana yake ni kwamba anayeshusha bei lazima ajue anahitaji kuuza vyumba vingapi vya ziada ili asipoteze, na hesabu hiyo ifanywe kabla ya kutangaza ofa.

Mawakala wa mtandaoni huongeza fundo jingine. Chumba cha dola 120 kikiuzwa kupitia kwao kwa kamisheni ya asilimia 18, hoteli inabaki na dola 98.40. Mgeni huyohuyo akipiga simu moja kwa moja na kupewa punguzo la dola 10, hoteli inabaki na 110. Mhudumu wa mapokezi anayelifahamu hili hamuagi mgeni anayeondoka kwa kwaheri tupu. Humwachia namba ya hoteli na kumwonyesha faida ya kurudi bila kupitia kwa wakala. Ni kazi ya dakika moja.

Kuhusu ngazi za ajira, jikoni ndiko zilikonyooka zaidi: mwosha vyombo, mpishi msaidizi wa daraja la tatu mpaka la kwanza, mkuu wa meza moja ya jiko, msaidizi wa mpishi mkuu, mpishi mkuu. Mtu anaweza kupanda zote kwa kisu chake. Upande wa huduma njia ni ndefu na yenye msongamano: mhudumu, kiongozi wa zamu, msimamizi, meneja wa mgahawa, meneja wa vyakula na vinywaji. Na hapo wenyeji wengi hukwama, kwenye usimamizi wa zamu au ukuu wa idara ndogo, huku kiti cha meneja mkuu kikijazwa na raia wa kigeni.

Sehemu ya sababu ni upendeleo, na isifichwe. Wako wamiliki wanaomwamini mtu wa kwao kuliko mtu wa hapa, hasa panapohusika fedha. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwachia mwananchi nafasi hiyo baada ya kumfundisha. Kijana aliye chini ya bosi wa kigeni ana haki ya kuuliza mpango huo uko wapi na nani ametajwa ndani yake. Lakini sehemu nyingine ya sababu iko mikononi mwetu. Njia ya kiti cha meneja mkuu hupita kwenye fedha, mauzo na upangaji wa bei, na wahitimu wetu wengi hubaki mgahawani kwa sababu ya bahashishi. Fedha ya mkononi ya kila siku ni tamu, na inamshikilia mtu mahali pamoja.

Ushauri wangu kwa aliye na miaka miwili au mitatu kazini ni kuomba zamu ya ukaguzi wa usiku. Watu huikimbia kwa sababu ya usingizi. Lakini kati ya saa tano za usiku na saa moja asubuhi mkaguzi hufunga siku nzima ya hoteli: anahakiki kila chumba kimewekewa bei sahihi, analinganisha mauzo ya baa na mgahawa na fedha zilizoingia, anakagua malipo ya kadi, anashughulikia waliohifadhi nafasi wasitokee, kisha anaandaa ripoti ambayo meneja mkuu huisoma kabla ya mkutano wa asubuhi. Katika mwaka mmoja atakuwa ameona fedha ya kila idara mara mia kadhaa. Kutoka hapo, ofisi ya kudhibiti gharama au ya mapato iko mlango wa pili.

Msimu nao upangwe kama mtu anavyopanga kodi ya nyumba. Aprili na Mei kambi nyingi za mbugani na baadhi ya hoteli za pwani hufunga au hupunguza watu, na mikataba ya muda mfupi huishia hapo. Asiyeweka akiba Agosti anakopa Aprili. Miezi hiyo miwili inatosha kupata cheti cha usalama wa chakula au kuanza lugha ya tatu. Kwa anayelenga Zanzibar, Kiitaliano, Kifaransa au Kijerumani hufungua mlango ambao Kiingereza pekee hakiufungui. Janga la 2020 lilionyesha pia hatari ya kumtegemea mtalii peke yake. Hospitali, kampuni zinazopikia ndege na kambi za migodi zinahitaji ujuzi uleule. Anayepikia kambi ya mgodi hasa hulipwa kiasi maalumu kwa mtu kwa siku, bila kujali bei ya nyama sokoni imefika wapi, kwa hiyo msimamizi asiyejua kupima minofu humfilisi mwajiri wake ndani ya miezi michache.

Ghuba inavuta vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania, na hoteli za Dubai na Doha ni shule nzuri kwa aliyekwenda kwa njia safi. Kenya, wakala awe amesajiliwa na mamlaka ya taifa ya ajira. Tanzania, ahakikiwe kupitia TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Mkataba usomwe kabla ya kupanda ndege, na mwajiri aliyeandikwa awe hoteli yenyewe. Makosa makubwa huanzia kwenye jina hilo: kijana anaahidiwa hoteli, anakuta mwajiri wake ni kampuni ya usafi inayomkodisha popote. Viza iwe ya kazi, si ya matembezi. Katika Falme za Kiarabu sheria haimruhusu mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kuajiriwa, hivyo anayedai maelfu ya dola "ya viza" aachwe. Uangaliwe mshahara wa msingi ukiwa peke yake, bila posho, kwa kuwa kiinua mgongo cha huko hukokotolewa kutoka huo: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kwa aliyetimiza angalau mwaka mmoja. Mkataba wenye msingi mdogo na posho nono unapendeza mwezi wa kwanza na unaumiza siku ya kuondoka.

Kwa vyuo, marekebisho ninayoyaomba hayahitaji jengo jipya. Mizani ya kilo 30, mizani ndogo ya gramu, kipimajoto cha kuchoma, na daftari. Kila somo la vitendo lianze kwa kupima malighafi kabla ya kuosha, lipime tena baada ya kusafisha, na tena baada ya kupika, kwa sababu nyama nayo hupungua motoni. Mwanafunzi aandike bei ya siku hiyo ya soko la mji wake, atoe gharama ya sahani moja, na mwalimu atie saini ndipo chakula kiliwe. Akifanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa muhula wa wiki 15, anatoka na kurasa 30 za hesabu alizozifanya kwa mikono yake. Kurasa hizo azibebe kwenye usaili pamoja na cheti.